Isidori, Byarugaba na Jina la Mwislamu

Katika Bukoba na Muleba mtu anayetaka kuingia Uislamu huuliza mapema: Je, nilitupe jina langu? Na nyuma ya swali hilo mara nyingi yupo mzee anayeogopa kwamba mwanawe, akiliacha jina la nyumbani, ameuacha na ukoo. Basi swali si dogo.

Chukua jina Isidori, wapewalo Wakristo katika ubatizo. Ni la Kiyunani, na maana yake ni “zawadi ya Isis”. Isis alikuwa mungu wa kike wa Misri ya kale, ambaye hekalu lake la Philae lilifungwa katika karne ya 6 tu. Waitwao Isidori hawamwabudu. Wameitwa kwa heshima ya watakatifu wa kanisa, kama yule Askofu wa Sevilla aliyekufa mwaka 636. Lakini ajabu ni hii: Mhaya aitwaye Byarugaba alipokwenda kubatizwa ilimlazimu aongeze jina jingine, na huenda akapewa hilo la Isidori. Hali Rugaba kwa Kihaya ni Mpaji, yaani Mwenyezi Mungu, na Byarugaba ni “vya Mpaji”. Lipi lililo karibu zaidi na Tauhidi?

Wamisri walipenda kuwatia miungu yao katika majina ya watoto. Ramesesi ni “Ra amemzaa”. Kitabu cha Mwanzo (41:45) chasema mke wa Yusufu aliitwa Asenathi, na wataalamu wengi hulieleza jina hilo kuwa ni “wa Neith”, mungu wa kike. Wengi wao pia huona kwamba jina la Musa a.s. latokana na neno la Kimisri la kuzaliwa, lile lile lililomo katika Ramesesi, ila halikutanguliwa na mungu yeyote. (Biblia hulieleza kwa Kiebrania, kutolewa majini, hatugombani.) Naye hakuamriwa kulibadili.

Ndani ya Misri hiyo hiyo Nabii Yusufu a.s. aliwaambia wafungwa wenzake, kama isimuliavyo Sura Yusuf, kwamba waliyoyaabudu hayakuwa ila majina waliyoyatunga wao na baba zao. Kosa, basi, limo katika ibada.

Mtukufu Mtume s.a.w. alibadili majina ya utumwa kwa asiyekuwa Mungu, kama Abdu Shams, “mtumwa wa jua”. Mwanamke aliyeitwa Asiya, “mwasi”, akamwita Jamila (hili silo jina la mke wa Firauni, ingawa kwetu hutamkwa sawa). Bali Umar, Hamza na Bilal walibaki na majina yao. Hata Hazni, yaani “mgumu”, alipoambiwa ajiite Sahli, “mwepesi”, akakataa kuacha jina alilopewa na babake, hakulazimishwa.

Kwa hiyo Byarugaba abaki Byarugaba. Mwenye jina la Kazoba, ambalo wazee walimwita nalo mungu wa jua, naona atafanya vema kuchagua jingine, tena kwa kushauriana na babake, pasipo haraka. Katika masharti kumi ya baiati, aliyoyatangaza Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889, la kwanza ni kujiepusha na shirki mpaka kaburini. Hakuna hata moja linalodai jina la Kiarabu.