Bado Mkatekumeni
Somo kwa wale wanaongoja Ubatizo

Jambo hili hutokea mara kwa mara katika vijiji vya Tshopo. Siku ya kusoma majina ya watakaobatizwa usiku wa Pasaka imefika. Majina yanasomwa, na jina la mmoja halimo. Padri na katekista wameona afadhali angoje mwaka mwingine. Huyo hurudi nyumbani kwa huzuni, akiwaza moyoni: “Mimi si Mkristu bado. Kazi za Kanisa ni za waliobatizwa. Nitakaa tu.” Mwingine huona haya mbele ya wenzake, akaacha kabisa kuja mafundishoni.

Somo hili lamhusu mtu huyo. Viongozi kadha wa kadha wa Kanisa la kale walikuwa wakatekumeni hali ni watu wazima. Yafaa kutazama jinsi walivyoutumia wakati wa kungoja.

1. Martino na joho lake

Mtakatifu Martino alizaliwa katika karne ya 4, katika nchi iitwayo leo Hungaria. Wazazi wake hawakuwa Wakristu, na baba yake alikuwa mkubwa jeshini. Martino alikuwa na miaka 10 tu alipokimbilia kanisani kuomba aandikwe miongoni mwa wakatekumeni. Baadaye alilazimishwa kuwa askari. Alipewa mtumishi, kama ilivyokuwa desturi; lakini mara nyingi Martino ndiye aliyemvua mtumishi viatu na kuvisafisha, nao walikula pamoja.

Siku moja ya baridi kali, penye lango la mji wa Amiens katika Ufaransa, alimkuta maskini aliye karibu uchi. Watu walipita wasimjali. Martino hakuwa na kitu ila silaha zake na joho lake la askari. Akachomoa upanga, akalipasua joho vipande viwili. Kimoja akampa maskini, kingine akajifunika mwenyewe. Baadhi ya watu wakamcheka kwa kuvaa nusu ya nguo. Usiku ule aliota ndoto, akamwona Bwana wetu Yesu Kristu amevaa kipande kile, akiwaambia malaika ya kwamba Martino, aliye bado mkatekumeni, ndiye aliyemvika.

Maneno hayo, “bado mkatekumeni”, yastahili kuangaliwa sana. Bwana hakungoja Martino abatizwe ndipo apokee zawadi yake. Na Martino hakujidai kwamba, kwa kuwa amekwisha kumtumikia Mungu, Ubatizo haumfai tena. La, aliufanyia haraka. Huduma haikuchukua mahali pa sakramenti, bali ilimvuta kuiendea. Baadaye alikuwa mtawa, na karibu na mwaka 371 watu wa mji wa Tours walimtaka awe askofu wao. Alikufa mwaka 397, na Kanisa humkumbuka tarehe 11 Novemba.

2. Ambrosio, askofu aliyekubali kufundishwa

Mwaka 374 askofu wa Milano, katika Italia, alikufa, na watu wakagombana juu ya atakayemfuata. Ambrosio, aliyekuwa liwali wa serikali, alikwenda kanisani kuwatuliza. Ghafula watu wakapaza sauti wakitaka yeye mwenyewe awe askofu, naye alikuwa mkatekumeni tu! Alikataa, akajaribu kukimbia, mwishowe akakubali. Alibatizwa, na baada ya siku chache, tarehe 7 Desemba, akawekwa wakfu.

Jambo hilo lilikuwa la pekee. Tangu zamani za Mitume Kanisa halipendi kumpa uongozi mtu aliyeongoka juzi, asije akajivuna. Ambrosio alijua upungufu wake. Aligawa mali yake, kisha akamwomba padri mmoja, jina lake Simplisiano, amfundishe. Basi askofu wa mji mkubwa aliketi kama mwanafunzi. Mtu anayeona haya kurudia mafundisho mwaka wa pili na amkumbuke Ambrosio.

3. Agostino na kungoja kubaya

Mtakatifu Agostino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste katika Aljeria ya leo, mwaka 354. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimtia katika ukatekumeni tangu utotoni. Lakini yeye alikawia zaidi ya miaka 30. Alipokuwa kijana si Kanisa lililomzuia. Yeye mwenyewe hakutaka kuacha dhambi, na kila mara aliahirisha mpaka kesho. Mwisho neema ya Mungu ilimshinda, naye akabatizwa na Ambrosio usiku wa Pasaka mwaka 387. Baadaye akawa askofu wa Hippo, na mwalimu mkubwa wa Kanisa hata leo.

Basi kungoja kuko kwa namna mbili. Kuna kungoja kwa Martino, kunakojaa matendo. Na kuna kungoja kwa Agostino kijana, kunakokimbia agizo la Mungu. Kila mkatekumeni na ajiulize anangoja kwa namna gani.

4. Karoli Lwanga na wadogo zake

Mfano mwingine u karibu zaidi, katika nchi ya Uganda. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana Wakristu katika jumba la Kabaka Mwanga, aliuawa kwa ajili ya imani. Siku ile ile Karoli Lwanga, aliyekuwa mkatekumeni, alikwenda kubatizwa. Hakukimbia hatari, bali alishika kazi ya marehemu ya kuwalinda na kuwafundisha vijana.

Miezi sita ikapita. Mwezi Mei 1886, hatari ilipokuwa mlangoni wala padri hayuko karibu, Karoli mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni wanne. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Pamoja nao aliuawa Mukasa Kiriwawanvu, ambaye hakuwahi kubatizwa kwa maji. Alibatizwa kwa damu yake. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza wote kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Hivyo mkatekumeni yumo katika hesabu ya watakatifu wa Afrika.

5. Hapa Kisangani

Noeli ya mwaka 1897 Padri Gabrieli Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko. Alikuwa amekwisha kufanya kazi Ekuador, katika Amerika ya Kusini, ambako wamisionari walifukuzwa. Ilimpasa kuanza upya, kama mwanafunzi, katika nchi asiyoijua. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa askofu. Lakini padri mmoja hawezi kufika kila kijiji. Imani husafiri kwa mitumbwi na kwa njia za msituni, jirani akimwambia jirani.

Wavuvi Wagenya husimika miti mikubwa katikati ya maji makali na kutega vikapu vyao. Mtoto wa mvuvi hangoji kuwa mzee ndipo ashike kamba. Hujifunza kwa kuishika. Ndivyo ilivyo katika Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 ya kwamba wakatekumeni nao wajizoeze kueneza Injili kwa mwenendo wao na kwa kuikiri imani.

Kweli, mkatekumeni hawezi bado kupokea Ekaristi wala kuwa msimamizi wa Ubatizo. Lakini aweza kusali na watu wa nyumba yake, kumtekea maji mjane mzee, kumtazama mgonjwa, kupatanisha ndugu waliogombana, kumsomea asiyejua kusoma. Hata akimwona mtu anayetaka Ubatizo yu katika kufa, wala hakuna padri wala Mkristu mwingine, aweza kumbatiza: ammiminie maji kichwani huku akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akiwa na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa.

Basi yule ambaye jina lake halikusomwa hakufukuzwa. Amepewa mwaka mmoja, na katika mwaka huo Bwana atapita mlangoni pake mara nyingi, akiwa katika baridi na njaa.

Maswali

1. Martino alifanya nini baada ya ile ndoto, na kwa nini?
2. Ambrosio alionyesha unyenyekevu wake kwa jambo gani?
3. Kungoja kwa Martino na kungoja kwa Agostino kijana kwatofautiana vipi?
4. Nani aweza kubatiza penye hatari ya kufa, na kwa namna gani?

Tendo la juma hili

Kila mkatekumeni achague mtu mmoja kijijini mwenye shida, amsaidie kwa siri kwa siku saba, na kila jioni amwombee.