Namugongo: Moto Mmoja, Njia Mbili

Nimepewa ukurasa huu niandike somo la historia, nami nimechagua Namugongo, karibu na Kampala, ambako kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka huu nami nilikuwemo. Tulitembea siku sita kutoka mpakani Busia, vijana Wakatoliki na Waanglikana, na malengelenge hayakuuliza dhehebu la mtu.

Kwanza historia yenyewe. Kabaka Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884 akiwa kijana mbichi. Aliwaona Wazungu wakikaribia, na vijana wa jumba lake wakimtii mfalme mwingine asiyeonekana, hata wakamkatalia mambo ambayo dini yao iliyakataza. Wakristo hao waliitwa "wasomaji", maana kuingia dini kulikuwa ni kujifunza kusoma, na miongoni mwa vitabu vyao vya mwanzo vilikuwemo vya Kiswahili. Hata neno letu "dini" Waganda wanalo mpaka leo: eddiini. (Hapo mwanachama wa chama chetu ana ruhusa ya kutabasamu.)

Kati ya 1885 na 1887 waliuawa mashahidi 45 wanaokumbukwa kwa majina: Wakatoliki 22, Waanglikana 23. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga alichomwa kando peke yake, na wenzake wa madhehebu yote mawili wakachomwa pamoja juu ya rundo moja la kuni. Na kabla yao, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, alikuwa amewaua vijana Waislamu waliokataa aongoze sala hali hajatahiriwa.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana kanisani. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumpindua Mwanga. Muda si muda, Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo nao wakaungana, wakamrudisha kitini Mwanga yule yule aliyewachoma ndugu zao! Kisha, tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao kule Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Tangu ule moto, hata miaka 6 haijatimia.

Kwa nini? Wengine husema dini ndiyo huleta vita. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Waliokufa 1886 hawakuwa na cha kugawana. Waliobaki walikuwa na bunduki, na uchifu pamoja na ardhi vilikuwa vikitolewa kwa kufuata dhehebu. Baada ya vita hivyo, nchi ilikatwa vipande: huku kwa Waprotestanti, huku kwa Wakatoliki, na Waislamu wakapewa sehemu ndogo. Shahidi alikuwa amegeuzwa kuwa hatimiliki ya shamba.

Tulipofika Namugongo, kiongozi wetu alisema: Wakatoliki njia hii, wengine ile. Rafiki yangu Mwanglikana, ambaye nilikunywa maji yake msitu mzima wa Mabira, aliniuliza, "Kwani tumetembea yote haya tuje tuachane hapa, bwana?" Sikuwa na jibu. Misa ilikuwa inaanza, nikaenda. Ilikuwa misa nzuri, siwezi kuikana. Lakini jioni nilimfuata kwao. Kumbe lile rundo la kuni lilikuwa huko! Basilika yetu inasimama pale alipochomwa Lwanga. Wakatoliki wengi waliobaki walifia upande wa Waanglikana. Papa Francis alizuru kote kuwili Novemba 2015, mahujaji wa kawaida wengi hawafiki.

Nayasema haya kwa sababu muhula uliopita, hapa shuleni petu, vyama vya dini viligombania ukumbi wa Jumamosi hadi viti vikarushwa. Kila upande ulikuwa na aya zake tayari. Hakuna aliyetaja kwamba ugomvi ulikuwa wa ukumbi.

Rafiki yangu anasema mwaka ujao tuanzie kwenye rundo la kuni, twende basilika, tumalizie kwa mashahidi Waislamu. Mimi nimekubali. Kiongozi wetu bado hajajibu.