Dawa za Usingizi za Kuvuta na Chembechembe Nyeupe za Damu

Kabla ya upasuaji, wagonjwa wengi huuliza iwapo wataamka salama. Ni wachache wanaouliza swali jingine lenye uzito: mtu akilazwa nusukaputi, je, askari wa mwili wake nao hulala?

Askari hao ni chembechembe nyeupe za damu. Zile ziitwazo neutrofili huwahi kufika penye jeraha. Hunata kwenye ukuta wa mshipa, hupenya nje yake, kisha huwameza bakteria na kuwaua kwa kemikali. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa isoflureni na sevoflureni hujishikiza kwenye LFA-1, protini inayoziwezesha chembe nyeupe kunata. Halotheni nayo hupunguza utoaji wa kemikali hizo. Kwa hiyo askari hawafi, bali hupunguza kasi, na athari hiyo hutegemea kiwango cha dawa na muda wa kuivuta.

Umuhimu wa muda unaonekana wazi katika gesi ya naitrasi oksaidi. Mwaka 1956 madaktari wa Denmark walieleza habari za wagonjwa wa pepopunda waliopewa gesi hiyo kwa siku kadhaa mfululizo: uboho wao ulidhoofika na chembe nyeupe zikapungua mno. Sababu ni kwamba gesi hiyo huizuia vitamini B12 kufanya kazi, nao uboho huihitaji ili kuzalisha chembe mpya. Kinyume chake, utafiti wa ENIGMA-II wa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 waliofanyiwa upasuaji, haukuona kuwa gesi hiyo iliongeza maambukizi ya kidonda. Saa chache si sawa na siku nyingi.

Yapo mambo mengine yanayoidhoofisha kinga, nayo tunaweza kuyadhibiti. Katika utafiti wa mwaka 1996 wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana, 19% ya walioachwa wapoe mwili walipata maambukizi ya kidonda, ikilinganishwa na 6% ya waliopashwa joto.

Hivyo basi, mhudumu wa afya amkinge mgonjwa na baridi, adhibiti sukari ya damu, na pale antibiotiki ya kinga inapohitajika, aitoe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa. Asimpe mgonjwa naitrasi oksaidi mara kwa mara bila kufikiria vitamini B12.

Nawe mgonjwa, acha sigara wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Mweleze mtaalamu wa usingizi kama una kisukari, upungufu wa damu, au unatumia dawa zinazopunguza kinga. Usiikatae dawa ya usingizi kwa hofu: maumivu makali yasiyotulizwa nayo huamsha homoni zinazoidhoofisha kinga hiyo hiyo unayotaka kuilinda.