Pimeni Netwaki Kabla ya Kulipa Kodi ya Chumba



Vikundi vingi vya mitaa ya Eastlands, kuanzia Dandora na Kayole hadi Umoja na Pipeline, siku hizi vinafanya kazi zao kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, michango hutumwa kwa simu na mweka hazina huandika daftari lake akifuata ujumbe unaoingia. Kwa hivyo kikundi kikitafuta chumba cha kufungulia duka la M-Pesa au darasa la kompyuta, netwaki ni jambo la kuulizia pamoja na maji na stima. Lakini wengi wetu tunafanya nini? Tunatoa simu mfukoni, tunaona vijiti vitatu, tunalipa deposit. Baadaye ndiyo tunagundua kwamba mteja lazima atoke mpaka barabarani ndipo pesa iende. Pesa za wanachama zimeshaingia kwa landilodi, na hazitoki.

Vijiti si kipimo. Kila kampuni ya simu hujiamulia yenyewe kijiti kimoja kina nguvu kiasi gani, ndiyo maana simu mbili juu ya meza moja, za laini moja, zinaweza kuonyesha tofauti. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ya Marekani ilikubali hadharani kwamba iPhone zilikuwa zikionyesha vijiti vingi kuliko nguvu iliyokuwapo, ikabidi ibadilishe hesabu yake.

Kipimo chenyewe kiko ndani ya simu. Katika simu nyingi za kupapasa za Android, fungua Settings, nenda About phone, kisha Status au SIM status, utafute Signal strength. Utaona namba kama -95 dBm. Simu zingine zimeificha, basi tumieni programu ya bure kama Network Cell Info Lite. Wenye iPhone hupiga *3001#12345#*. Simu ya mulika mwizi haiwezi kazi hii, ingawa kwa kupiga simu tu inaweza kuwashinda wenye simu za bei.

Hiyo alama ya kutoa mbele ya namba huwachanganya watu. Ifikirieni kama deni: mwenye deni la 85 ana afadhali kuliko mwenye deni la 105. Kwa hivyo -85 ni nguvu zaidi ya -105. Tena si afadhali kidogo! Kila namba 10 ni mara kumi, kwa hivyo kati ya -85 na -105 nguvu ya mawimbi imepungua mara mia moja. Kwa 4G, kwa kukadiria, -90 au zaidi ya hapo ni nzuri, mpaka -105 mtafanya kazi, na ikishapita -115 mtasumbuka. Msilinganishe namba ya 4G na ya 3G, kwa sababu hazipimwi kwa njia moja. Andikeni kila wakati ni ipi.

Sasa kupima. Chukueni simu moja, daftari moja, na watu wawili. Wekeni simu juu ya meza mahali mtakapofanyia kazi, maana mkono na mwili pia huzuia mawimbi. Ngojeni kama dakika moja ndipo msome, kwa kuwa namba haibadiliki papo hapo. Rudieni mara tatu. Kisha pimeni mlangoni, dirishani, na kwenye kona ya ndani kabisa. Fungeni mlango wa chuma mpime tena. Mabati hurudisha mawimbi, na zege lenye vyuma huyapunguza sana. Kule Pipeline, ambako majumba ya ghorofa yamebanana hata jua halifiki chini, chumba cha ghorofa ya chini na cha ghorofa ya juu ni kama mitaa miwili tofauti. Na msidanganyike kwamba kukaa chini ya busta ni bahati. Antena zake huelekezwa mbali, na aliye chini yake kabisa anaweza kupata kidogo kuliko jirani wa mtaa wa pili.

Pimeni kwa kila laini mnayotarajia kutumia, na mpime saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku. (Usiku pimeni mkiwa ndani. Kusimama nje na simu mkononi, mnajua wenyewe.) Hapa ndipo penye siri kubwa ya mitaa yetu. Ikiwa asubuhi ni -88 na usiku ni -88 lakini intaneti usiku inatambaa, mawimbi hayana shida. Watu wamerudi kutoka kazini na wote wanagawana mnara mmoja, kama maji ya mfereji wakati kila nyumba imefungua. Kuhamisha meza hakutasaidia, wala simu mpya. Jaribuni laini nyingine, au waifai ya waya wa faiba. Waifai nayo hupimwa kwa namba hizo: karibu -50 ni nguvu sana, -67 inatosha kwa simu ya video, -80 ni taabu. Lakini inaweza kuonyesha -50 na intaneti isiwepo kabisa, ikiwa malipo ya mwezi yameisha.

Kuna wanaouza mashine za kuongeza netwaki, za kufunga juu ya paa. Msinunue kabla ya kuuliza. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka vifaa vya mawimbi viwe na kibali, na mashine mbovu huwaharibia majirani wote.

Na mahali netwaki ni hafifu, pesa ikitumwa na ujumbe usirudi, msitume tena haraka. Wengi hulipa mara mbili hivyo. Pigeni *334# muangalie salio kwanza.

Daftari hilo la vipimo likikamilika, lileteni mkutanoni kabla ya kuweka sahihi kwa landilodi. Kama -112 imeandikwa kwenye meza ya kazi na -90 mlangoni, ulizeni kama meza inaweza kukaa mlangoni. Kama haiwezi, tafuteni chumba kingine.