Mnyauko wa Viazi: Vita Visivyoonekana Chini ya Udongo

Shamba la viazi linaweza kuwa kijani leo, na baada ya siku chache mimea ikalala chini ilhali udongo una unyevu wa kutosha. Huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaowatia hasara wakulima wa Nyandarua na kaunti nyingine zinazolima viazi. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, huingilia kwenye mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya.

Bakteria hawa hawaishi udongoni peke yao. Jirani yao ni kuvu, zikiwemo za jamii ya Fusarium, ambazo baadhi huozesha viazi na kunyausha nyanya. Majirani hawa hawana sauti wala macho. Huwasiliana kwa kemikali.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ulionyesha kwamba Ralstonia hutoa kemikali iitwayo ralsolamaisini. Kuvu ikiipata, huacha kutanda na kutengeneza chembe zenye ukuta mnene, ambazo huiwezesha kuvumilia hali ngumu. Lakini bakteria hupenya na kuingia ndani ya chembe hizo. Kuvu nayo haikubali kushindwa: baadhi ya aina za Fusarium hujibu kwa bikaverini, kemikali yenye rangi nyekundu inayozuia bakteria kukua.

Wanasayansi wanadhani kuwa huenda kuvu ni maficho ya bakteria wakati shamba halina mmea wa kuwalisha. Kwa hivyo, kung'oa mimea iliyonyauka pekee hakutoshi, kwani adui hubaki udongoni.

Jinsi ya kuutambua: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisha ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, ni mnyauko bakteria.

Mkulima anashauriwa:

• Apande mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS. Kiazi kinaweza kuonekana kizima huku kimebeba ugonjwa.

• Asipande viazi, nyanya, biringanya wala pilipili katika shamba lililoathirika kwa angalau misimu mitatu. Apande mahindi, maharagwe au kabichi.

• Ang'oe mimea iliyonyauka pamoja na viazi vyake, na vile vinavyojiotea baada ya mavuno, kisha avichome au avizike mbali na shamba. Asivitie kwenye mbolea.

• Asafishe jembe na viatu kabla ya kuingia shamba jingine, na azuie maji ya mvua yasitoke shamba lenye ugonjwa kuelekea kwa jirani.

Anayeshuku ugonjwa huu amwone afisa wa kilimo wa wadi yake mapema, kabla ya kuuza au kugawa mbegu.