Mdogo wangu, hiyo stenti inatolewa lini?

Wadogo zangu, daktari akishatamka ERCP, yaani kutibu mirija ya nyongo kwa kamera, wengi wenu mnashtuka mkidhani mnaenda kupasuliwa tumbo. Hapana. Unapewa dawa ya usingizi, kamera nyembamba inapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, pale nyongo inapomwagikia. Daktari anakata kidogo mlango wa mrija kwa waya wa umeme, kisha analivuta jiwe lililokwama mrijani kwa kibaluni. Ukataji huo uliripotiwa mara ya kwanza kutoka Ujerumani na Japani mwaka 1974, kwa hiyo hakuna anayekufanyia majaribio.

Hatari zipo, sitakuficha. Inayotokea sana ni kongosho kuvimba: katika wagonjwa mia, kama watatu hadi kumi. Wengi hupona baada ya siku chache, wachache huzidiwa kabisa. Kutoka damu au utumbo kutoboka ni nadra zaidi. Kwa sababu hiyo, kama daktari anataka kutazama tu, muulize kama picha ya MRI ya mirija ya nyongo haitoshi. Muulize pia kuhusu indomethasini ya kuweka njia ya haja kubwa, ambayo hupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba. Na mtajie dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda.

Ukisharudi nyumbani, tumbo likiuma hadi mgongoni, ukitapika, ukipata homa na kutetemeka, au choo kikiwa cheusi, usimeze panadol ukalala. Rudi hospitali usiku huohuo.

Lakini kinachoniumiza roho ni stenti, ule mrija mdogo unaoachwa ndani ili nyongo ipite. Ya plastiki kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu, maana huziba. Tatizo ni kwamba unajisikia mzima: mwasho umeisha, macho yamerudi meupe, nauli ya kurudi ni ghali, basi unaahirisha. Ikiziba, nyongo inatuama, wadudu wanazaliana, maambukizi yanaingia kwenye damu. Hayo yanaua. Kwa hiyo kabla hujavaa nguo za kutokea wodini, uliza: nimewekewa stenti? Ya plastiki au ya chuma? Naitoa tarehe ngapi, kwa shilingi ngapi, na bima inalipa? Andika, na mumeo au dada yako naye aijue hiyo tarehe.

Kuna na kifuko cha nyongo. Kama bado kina mawe, mrija umesafishwa lakini chanzo kimebaki, na mawe yanaweza kushuka tena. Muulize daktari siku ya kukitoa, na usikubali jibu la "tutaona", labda kama upasuaji ni hatari kwako. Hata kikishatolewa, kuna wanaopata mawe mapya kwenye mrija baada ya miaka kadhaa. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na macho yameingia umanjano, nenda hospitali, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe kwamba uliwahi kufanyiwa ERCP.