Mchezo gani wa kuanzia?

SWALI: Mjomba wake amemletea mwanangu wa miaka 12 Nintendo Switch Lite kutoka Dubai. Hapa Machakos bando ni ghali. Nianze na mchezo gani?
Mama, Machakos

JIBU: Mama, nunua mchezo ulio kwenye kadi. Mario Kart 8 Deluxe, kwa mfano, ni zaidi ya GB 6 ukiupakua, na kumbukumbu ya mashine hiyo ni GB 32 tu. Kadi hupunguza sana gharama ya bando, na mtoto akiuchoka unaweza kuiuza au kubadilishana na jirani. Usihofu kadi ya Dubai au Uingereza, kwani Switch hukubali kadi za karibu nchi zote.

Mimi ningeanza na Stardew Valley, mchezo wa shamba uliotungwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, ukatoka 2016. Siku moja ya mchezo huchukua kama dakika 14. Mtoto hulima, hupanda, humwagilia kila asubuhi, na siku ya tano huvuna mboga yake ya kwanza. Mvua ikinyesha, hupumzika kumwagilia. Mtoto wa Ukambani, anayejua thamani ya mvua, ataelewa furaha hiyo bila kufundishwa.

Mpimie muda kwa siku za mchezo: mbili jioni, kisha azime. Nawe keti kando yake, umuulize amepanda nini. Mchezo hunoga ukiwa na wa kusimuliwa.